Sakafu Iliyotangulia Ngoma

Kabla sijasema lolote, naomba niweke mpaka. Niliyoyaona kwa macho yangu na kuyahisi kwa nyayo zangu ni haya: ukumbi wa ghorofa pale Ujiji, sakafu yake ya mbao, dansi moja la Jumapili mchana, na boriti ya mvule iliyokuwa imebeba katikati ya ukumbi ule. Niliyoyasikia ni mengine: kwamba jengo lilisimamishwa juu ya makaburi, kwamba siku ile alionekana mwanamke akicheza bila miguu yake kugusa chini, kwamba mpiga dramu wetu alikuwa na kitu alichokifunga kiunoni. Hayo nimeyasikia barazani, nimeyasikia sokoni, na mara moja nimeyasikia redioni kutoka kwa mtu ambaye siku ile alikuwa hajazaliwa. Siyathibitishi wala siyabebi.

Naandika kwa sababu vijana watatu wa Rusimbi, walioanzisha bendi yao, walikuja kwangu mwezi uliopita.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba."

"Mzee, eti ni kweli ghorofa ilidondoka mkiwa jukwaani?"

"Nani kakwambia?"

"Watu wanasema."

"Watu gani? Nitajie mmoja."

Wakacheka kidogo. Kisha mmoja akatoa simu, akanisikilizisha dramu iliyotengenezwa na mashine, akaniuliza kama ile ndiyo fanki. Nilivua kandambili na kuweka unyayo wangu sakafuni. Sikukusudia, ni mazoea. Sakafu yangu ni ya saruji, iko juu ya udongo, haiwezi kwenda popote. Hata hivyo jasho lilinitoka. Ninyi watatu mkadhani Mzee anaumwa. Nilikuwa naogopa, na sasa nitawaeleza nilichokuwa naogopa.

Mimi nilikuwa mpiga gitaa la besi. Niliingia bendini nikiwa nimemaliza kidato cha nne, jambo ambalo wenzangu walilifanyia mzaha miaka yote. Waliniita Fomu Foo, na wengine walikufa bila kulijua jina langu halisi. Tulipiga rumba kama bendi nyingine zote, lakini vijana wa wakati ule walitaka soul na fanki, na atakayewaambia kwamba tofauti yake ni mavazi tu, msimwamini. Tofauti ilikuwa katika mgawanyo wa uzito. Katika rumba magitaa yanasukana, na uzito wa wimbo umegawanywa humo kama mzigo uliobebwa na watu wengi. Katika fanki uzito wote unatupwa mahali pamoja. Unahesabu moja, mbili, tatu, nne. Na ile moja inapofika, dramu, besi, gitaa la rithimu na tarumbeta vinaangukia hapo kwa pamoja. Baada ya hapo kila chombo kinasema maneno mafupi na kunyamaza, na kila kimoja kinageuka kuwa ngoma. Hata mwimbaji ni ngoma. Mwili wa msikilizaji unaisubiri moja ijayo kama mtu anayeteremka ngazi gizani akitafuta kidato kwa mguu.

Aliyenifundisha hayo ni mpiga dramu wetu, Mzee Ntahondi, Muha wa Kidahwe, mtu mfupi mwenye mikono ya mkulima. Hakujua kusoma noti wala hakutaka kujua. Mwezi wangu wa kwanza nilijaza kila nafasi. Vidole vyangu vilikuwa vyepesi na nilitaka vionekane. Siku moja katikati ya mazoezi akaweka vijiti chini.

"Yewe, Fomu Foo. Unaogopa nini?"

"Siogopi kitu, Mzee."

"Unaogopa. Mtu asiyeogopa hasemi muda wote. Piga moja, halafu nyamaza mpaka nikuite."

"Utaniitaje?"

"Kwa mguu."

Alikuwa na maana ya ile ngoma kubwa aliyoikanyagia kwa mguu wa kulia. Ili niisikie kabla ya masikio kuisikia, aliniamuru nivue viatu. Tangu siku hiyo nikawa napiga pekupeku. Watu walidhani ni madaha. Ukweli ni kwamba mpigo wa ule mguu ulipita kwenye mbao ukanifikia nyayoni, na kidole changu kikagusa uzi wakati huohuo, bila mimi kuamua. Besi na dramu zikifika hapo, mcheza dansi hawezi kuzitenganisha. Anadhani kuna chombo kimoja kikubwa kilichofichwa mahali. Huo ndio ufundi wenyewe. Mengine ni kubana uzi kwa vidole vya mkono wa kushoto ili sauti ife upesi, maana sauti isiyokufa inaichafua nafasi ya mwenzako.

Nyuzi mpya zilikuwa shida kupatikana Kigoma. Zikichoka na kupoteza mlio, tulizichemsha ili kutoa jasho na uchafu, nazo zikarudi kuwa kali kwa wiki mbili. Nilitumia sufuria ya mama yangu bila ruhusa. Alifunua kifuniko, akatazama, akasema kwa upole wa kutisha, "Mwanangu, leo tunakula mchuzi wa waya?" Mama alikuwa mjane. Kazi yake ilikuwa kuchambua dagaa katika ghala moja la Ujiji, yeye na wanawake wengine wanne au watano, wakiketi kwenye vigoda na nyungo mapajani, wakitenga dagaa wazima na waliovunjika. Kumbukeni ghala hilo. Ukumbi wetu ulikuwa juu yake.

Jengo lilikuwa la zamani, kuta za mawe na udongo, nene kiasi cha mkono kutoka bega hadi kiganja. Chini ghala, juu ukumbi. Kupanda ilikuwa ngazi moja ya mbao, nyembamba, yenye mlango juu unaofungukia ndani. Sakafu ilikuwa ya mbao zilizokauka na kuachana, hivi kwamba nikiinama kufunga waya wa spika niliweza kuona chini: kilemba cha mama, ungo wake, na magunia ya chumvi ya Uvinza yaliyopangwa katikati ya ghala mpaka kugusa boriti.

Chumvi ile ndiyo iliyoniudhi. Sakafu yenye magunia chini yake ilikuwa kimya kama mto wa kulalia. Pembeni, pasipo na magunia, mbao zilidunda, na ule mdundo uliongeza besi ambayo amplifaya yetu iliyochoka isingeweza kuitoa kamwe. Nikafanya hesabu yangu: tukiyaondoa magunia ya katikati, ukumbi mzima utakuwa ngoma, nasi tutakaa juu ya ngozi yake. Nilimwendea mtunza ghala, nikamshawishi ayahamishie ukutani. Alikubali bila ubishi, kwa kuwa chumvi ilikuwa karibu kusafirishwa. Wapagazi waliyahamisha siku ya Ijumaa. Wanawake wa dagaa walifurahi, maana walipata nafasi, na wakasogeza vigoda vyao hapo katikati, chini ya boriti, ambako hewa ilipita vizuri.

Hakuna aliyenituma. Nasema hivi kwa sababu katika masimulizi ya barazani kosa hili hupewa wapagazi, au mwenye jengo, au majini. Ni langu: magunia yale ndiyo yaliyokuwa yakiishikilia boriti. Tena nilikuwa nimefundishwa. Mwalimu wetu wa fizikia alitueleza kwa nini askari wakivuka daraja huamriwa kuvunja hatua zao, wasikanyage kwa pamoja, na katika mtihani nililijibu swali hilo nikapata alama zote.

Jumapili hiyo tulikuwa na dansi la mchana la vijana, tuliloliita bugi. Lilianza baada ya adhuhuri na lilipaswa kwisha kabla ya magharibi ili mabinti wafike kwao na mwanga. Ukumbi ulijaa kuliko siku zote. Wasichana na wavulana walivaa raizoni, vile viatu vya soli nene kama tofali. Mwimbaji wetu, Kasimu, kijana mzuri wa sura aliyelijua hilo, alikuwa na desturi yake: kila moja ilipokaribia aliinua mkono, akaushusha kwa nguvu huku akipiga kelele, "Kanyaga!" Na watu wote wakakanyaga.

Kwa nyimbo mbili za mwanzo nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena. Sakafu iliimba. Nilipiga noti moja, mbao zikanirudishia mbili. Ntahondi alinitazama akitabasamu, naye si mtu wa kutabasamu.

Katika wimbo wa tatu nyayo zangu ziliniambia kitu ambacho masikio hayakukijua. Kawaida niliupata mguu wa Ntahondi, kisha mkanyago wa watu, kisha mbao kutulia. Sasa mbao hazikutulia. Mkanyago uliofuata uliikuta sakafu bado ikirudi juu, ukaisukuma chini zaidi. Uliofuata, zaidi. Kisha likatokea jambo ambalo kwangu lingali baya kuliko yote: sakafu ilishuka kabla ya ngoma. Sikuwa namfuata Ntahondi tena, wala yeye hakuwa ananifuata. Sote tulikuwa tunafuata kitu kilichokuwa chini yetu.

Niliinamisha kichwa. Kwenye ufa wa mbao, mbele ya vidole vya miguu yangu, niliona vumbi likianguka kwa mafungu, fungu moja kila mkanyago, na chini ya vumbi kilemba cha mama. Aliinua uso kutazama juu. Kisha akachukua ungo mtupu, akaukinga juu ya ungo wenye dagaa, akaendelea na kazi.

Mtaniuliza kwa nini sikuacha kupiga. Fikirini. Muziki ukikatika ghafla bugini, watu walikuwa na jibu moja: walikanyaga sakafu kwa pamoja wakidai, "Tena! Tena! Tena!" Na kama ningepiga yowe kwamba sakafu inakwenda, wote wangeukimbilia ule mlango mmoja unaofungukia ndani. Mama nisingeweza kumwita. Sauti yangu isingemfikia hata mtu wa pili. Nilikuwa na nyuzi nne tu mkononi.

Nilisogea kwenye dramu. Ntahondi alikuwa ameshajua. Jasho lilikuwa limemkauka usoni.

"Inakwenda," nilisema.

"Niibie moja," akajibu.

Maana yake niiache tupu. Niache kupiga mahali ambapo kila mtu anangoja. Nikaiacha, naye akaondoa mguu. Moja ilipofika hapakuwa na kitu hapo, si besi, si ngoma. Sikilizeni vizuri, enyi mnaodhani nguvu ya muziki huu ni kelele: ule utupu uliwavuta kuliko mpigo wowote. Watu waliujaza kwa miili yao. Walikanyaga mkanyago mmoja mkubwa uliozidi yote ya mwanzo, wakashangilia, wakidhani ni ufundi mpya. Chini yangu kitu kililia mlio mfupi mkavu, mlio wa kuni inayopasuliwa.

Nilimwona Ntahondi akifumba macho. Alipoyafumbua alikuwa ameingia katika mwendo mwingine, mwendo wa sita, ule wa ngoma za kwao, ambao mtu mmoja anaweza kuuchezea kwa mbili, na jirani yake kwa tatu, na wote wawili wakawa sahihi. Nikamfuata kwa noti ndefu, bila ncha. Gitaa la rithimu lilijikwaa, kisha likaelewa. Ukumbini miguu ilivurugika. Huyu alishuka, yule alipanda, mwingine alisimama akijikuna. Ndicho tulichokitaka. Sakafu iliyumba, ikasita, ikakosa wa kuisukuma.

"Mzee, unatupoteza!" kijana mmoja alilalamika.

"Wamelewa hao!"

Kasimu alinijia macho yamemtoka. "Mnafanya nini? Mnaniaibisha mbele ya watu wangu!" Akainua mkono wake, ule wa kukanyagisha.

Niliudaka mkono ule hewani. Besi ikanyamaza kwa mipigo mitatu, mara ya pekee katika maisha yangu ya kazi niliyotoa mkono kwenye gitaa katikati ya wimbo. Nikamwambia sikioni, "Kasimu, boriti inavunjika. Mama yangu yuko chini."

Nimewahi kumsema Kasimu vibaya kwa majivuno yake, na nitamsema tena nikipata nafasi. Lakini alitazama miguu yake, akaona mbao zinavyopumua, na sauti haikumtetemeka. Alirudi kwenye maikrofoni.

"Wapenzi wangu," akasema, taratibu, kama mtu mwenye siku nzima, "wimbo unaofuata ni wa soul. Soul haichezwi na viatu. Vueni raizoni zenu, mzishike mkononi. Watakaotangulia kuvua nitawaimbia uani, kwenye upepo."

Kicheko kikaenea. Wakainama, wakavua. Ntahondi akatoa mguu kabisa kwenye ile ngoma kubwa, akabaki na fagio la waya juu ya ngoma ndogo, mbili na nne, akichelewa kidogo kila mara, maana wimbo wa pole wa soul hukaa nyuma ya mpigo kama mtu asiyetaka kuondoka. Watu walikamatana mabega. Hakuna aliyeinua unyayo, waliburura. Kasimu akaufungua mlango mwenyewe, akaushikilia kwa mgongo, akaimba, na vijana wakapita mbele yake wawili wawili, viatu mkononi, wakiteremka ngazi bila kujua walikuwa wanakimbia nini. Mwenye tarumbeta aliwatangulia uani. Mwenye gitaa la rithimu alichomoa waya akawafuata.

Besi haitembei bila waya. Dramu haitembei kabisa. Tulibaki Ntahondi na mimi katikati ya ukumbi, tukipiga ili mguu wa mwisho usije ukakanyaga kwa haraka. Nilihesabu migongo. Nilitazama ufa. Kigoda cha mama kilikuwa kitupu, ungo uko chini, na sikuweza kujua kama ameondoka au ameinuka tu kuchukua dagaa wengine.

"Mzee, twende," nilisema.

"Mmalizie Kasimu wimbo wake. Usimkate."

Tulimaliza. Kisha tukatoka kwa kuambaa ukutani, mmoja baada ya mwingine, na vyombo tukaviacha palepale.

Mama alikuwa uani na wanawake wenzake wote wa dagaa, kiuno kimefungwa kanga, akiwafokea vijana waliokuwa wanavaa viatu. Aliponiona alinijia na kiganja kimejaa dagaa.

"Tazama! Mmenimwagia vumbi mchana kutwa. Nani atakula hawa? Na wewe mbona unalia?"

Nilimshika mikono yote miwili, dagaa wakamwagika. Ntahondi ndiye aliyemwamkia na kumweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akageuka kuuangalia ukuta wa ghala, akakaa chini palepale kwenye mchanga.

Nilipiga besi miaka mingi baada ya hapo, na tangu siku hiyo sikuwahi kupanda jukwaa bila kwanza kwenda chini yake. Wenzangu walicheka, waliniita fundi mwashi. Nilijifunza kuiweka moja kwa uangalifu, kama mtu anayeweka mtoto kitandani. Watu walisema upigaji wangu ulikuwa na adabu. Ulikuwa woga, na woga huo haujaniacha. Nikisikia umati ukiangukia mahali pamoja, hata kwenye harusi ya jirani, natafuta ukuta wa kuegemea. Ndiyo maana nawaambia, ninyi wa Rusimbi: ile mashine iliyomo simuni mwenu inaiangusha moja vizuri, bila kosa. Lakini haina nyayo. Haitajua kamwe kinachorudi kutoka chini. Mmoja wenu avue viatu.

Kuhusu mwisho wa jengo, nimeambiwa kwamba lilianguka katika mvua zilizofuata. Wengine husema lilibomolewa kwa amri. Wengine kwamba lingali pale na limepigwa lipu. Wakati wa mvua hizo nilikuwa nimehamia Tabora na bendi nyingine, na niliporudi sikupita njia ile. Sikuona, basi sisemi.

Nilichokiona ni cha Jumatatu, asubuhi iliyofuata. Mama alisisitiza kwamba tuingie ghalani sote wawili. Yeye alishika tochi, mimi nilipanda juu ya magunia ya chumvi yaliyokuwa yamehamishiwa ukutani, nikafika mahali boriti ya kati inapoingia kwenye mawe. Katikati ilikuwa imepasuka kwa urefu, na kwa kujikunja ilikuwa imejivuta kutoka tunduni mwake. Palibaki ncha tu iliyoegemea ukuta. Sikuwa na rula. Nililaza kidole gumba changu kando ya ncha ile, kwa upana wake, na kidole kilikuwa kinene zaidi.

"Pamebaki kiasi gani?" Mama aliuliza kutoka chini.

Nilimwonyesha kidole.